Robert-Houdin: Fundi saa aliyejifunza kuficha sarafu kiganjani

Mtu ana sarafu moja. Anaihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, anafumba ngumi, anaipuliza, anafumbua. Sarafu haipo. Wengi wetu tumeuona mchezo huu shuleni, gulioni au stendi ya mabasi, na tumebaki tukijiuliza imekwenda wapi. Jibu lake ni fupi. Haikwenda popote. Ilibaki mkono wa kulia, imebanwa na nyama za kiganja, huku macho yetu yakiufuata mkono wa kushoto ambao ulikuwa mtupu tangu mwanzo.

Leo tunawasimulia maisha ya Mfaransa mmoja aliyeanza na sarafu kama hiyo, akawa mfanya mazingaombwe mashuhuri kuliko wote wa zama zake, na mwishowe akapelekwa Afrika na serikali ya nchi yake kufanya kazi ambayo mpaka leo watu wanabishana juu yake. Jina lake ni Jean-Eugène Robert-Houdin. Amefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita. Tunamkumbuka kwa sababu maisha yake yanaonyesha jambo linalotuhusu sote tulio na simu mkononi na hela kidogo mfukoni: mkono mwepesi unaweza kuwafurahisha watu, na mkono huohuo unaweza kuwatisha au kuwaibia.

Mtoto wa fundi saa

Alizaliwa Desemba 1805 katika mji wa Blois, kando ya Mto Loire, katikati ya Ufaransa. Wakati huo aliitwa Jean-Eugène Robert tu. Baba yake, Prosper Robert, alikuwa fundi saa, na mtoto alikua akichezea bisibisi, tupa na magurudumu madogo ya saa. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo.

Kama wazazi wengi, baba hakutaka mwanawe arithi kazi ya kuinamia meza mchana kutwa. Alipofika miaka 11 alimpeleka shule ya bweni katika mji wa Orléans, na alipomaliza akamtafutia nafasi ofisi ya mwanasheria. Kazi yenyewe ilikuwa kunakili nyaraka kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Kijana hakuiweza. Muda wake wa ziada wote aliutumia kutengeneza vitu vidogo vinavyojiendesha kwa springi. Mwishowe familia ilikubali, naye akaenda kujifunza ufundi saa kwa binamu yake.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililobadili mwelekeo wa maisha yake, kama alivyolisimulia mwenyewe baadaye. Alikwenda duka la vitabu kuchukua kitabu cha ufundi saa kilichoandikwa na Berthoud, fundi aliyesifika sana. Muuzaji, kwa haraka zake, akamfungia vitabu vingine viwili vya ukubwa uleule. Kijana alipofungua kifurushi nyumbani usiku alikuta habari za sayansi ya kujifurahisha na michezo ya mazingaombwe: namna ya kubashiri karata, namna ya kupoteza kitu na kukirudisha. Hakuvirudisha dukani. Alivisoma mpaka mshumaa ukaisha.

Kubana sarafu

Vitabu vile vilikuwa na kasoro moja. Vilieleza kinachotokea, lakini havikufundisha mikono ifanye nini. Basi akatafuta mwalimu. Pale Blois palikuwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kukata sugu za miguu ya watu, na pembeni alijua kurusha mipira. Kijana alimlipa faranga 10 amfundishe. Baada ya mwezi mmoja aliweza kurusha mipira minne hewani huku akisoma kitabu kilichofunguliwa mbele yake. Mpira ulimfundisha kuona pembeni bila kugeuza kichwa, na ulimfundisha mkono kufanya kazi bila kusimamiwa na jicho.

Kisha akaingia kwenye sarafu. Tueleze kidogo jambo lenyewe lilivyo, maana ndilo msingi wa yote yanayofuata.

Fungua kiganja chako utazame. Chini ya kidole gumba kuna nyama nene. Upande wa pili, chini ya kidole kidogo, kuna nyama nyingine. Katikati kuna kibonde. Sarafu ikiwekwa kwenye kibonde hicho, na nyama ya kidole gumba ikavutwa ndani kidogo sana, kingo za sarafu hushikwa pande mbili. Ukigeuza mkono, haianguki. Vidole vyote vitano vinabaki huru.

Kuishika sarafu ni jambo la siku chache. Kazi ngumu ni kuufanya mkono uonekane hauna kitu. Anayeanza hukaza mkono mzima, vidole vinakakamaa, kidole gumba kinajibana, na hata mtoto atajua kuna kitu humo. Aliyeiva anaweza kushika kalamu, kufungua kitasa, kukuelekeza njia kwa kidole, na sarafu bado imo ndani. Kufika hapo kunahitaji marudio ya maelfu, na mikono miwili sawasawa.

Jambo la pili ni macho. Sarafu ikijifanya inapita kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, macho ya mchezaji lazima yaufuate wa kushoto, maana mtazamaji hutazama anakotazama mchezaji. Mkono wa kulia, wenye sarafu, unashuka taratibu ubavuni kama mkono uliomaliza kazi. Usiukimbize, wala usiuangalie. Wengi hudhani mchezo huu ni wa kasi. Ukweli ni kwamba kasi huamsha shaka, na mwendo wa kawaida huilaza.

Robert alipata wapi muda wa marudio hayo yote, naye ni fundi anayedaiwa saa za watu? Alishonesha koti lenye mifuko mikubwa pande zote mbili, kiasi cha mkono kufanya kazi humo kwa raha. Akitembea barabarani, mkono mmoja ulikuwa mfukoni ukizungusha sarafu. Akiulizia bei dukani, mkono mmoja ulionyesha bidhaa na mwingine ulikuwa mazoezini. Hata mezani, akisubiri chakula, vidole havikupumzika. Watu waliomwona walimwona kijana aliyeweka mikono mfukoni tu. Sarafu kubwa ya Ufaransa ya wakati ule, faranga tano za fedha, ilikuwa na upana wa milimita 37 na uzito wa gramu 25. Ni kubwa kuliko sarafu yetu ya shilingi 500. Kuibana bila kuonekana si mchezo.

Ndoa, jina jipya na jukwaa

Mwaka 1830 alimwoa Cécile Houdin, binti wa fundi saa wa Paris ambaye asili yake pia ilikuwa Blois. Akaunganisha jina la mkewe na lake, ndipo akawa Robert-Houdin. Wakahamia Paris, naye akawa fundi katika karakana ya mkwewe. Haikuwa miaka rahisi. Walipata watoto wanane, wakabakiwa na watatu tu. Mwaka 1843 Cécile naye akafariki, akiwa na miaka 32. Mwaka uliofuata alioa tena, akihitaji mtu wa kusaidiana naye kulea.

Mwaka huohuo, 1844, alipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwanasesere wa mitambo aliyeweza kuandika na kuchora. Mfalme Louis-Philippe alisimama kumtazama, na baadaye Mmarekani P. T. Barnum, mfanyabiashara maarufu wa maonyesho, akamnunua. Saa na mazingaombwe vilikuwa vimekutana katika mtu mmoja.

Tarehe 3 Julai 1845 alifungua ukumbi wake mwenyewe pale Palais-Royal, Paris. Ulikuwa mdogo, wa watu wapatao 200. Alikuwa na umri wa miaka 39, na usiku wa kwanza woga ulimwandama mpaka akaharakisha maneno. Lakini aliendelea, na Paris ikaanza kumiminika.

Walichokuja kukiona kilikuwa kipya. Wafanya mazingaombwe wengi wa siku zile walipenda majoho, na meza zao zilifunikwa vitambaa vilivyofika sakafuni, ambamo msaidizi aliweza kujificha. Robert-Houdin alitoka amevaa suti nyeusi ya jioni, kama mgeni yeyote aliyealikwa chakula cha usiku. Meza zake zilikuwa nyepesi, chini wazi. Maoni yake yalikuwa kwamba mfanya mazingaombwe ni mwigizaji anayeigiza mtu mwenye nguvu za ajabu. Hakudai kwamba anazo.

Mchezo uliowavutia zaidi ulikuwa wa mwaka 1846, alipomweka mwanawe Émile jukwaani amefungwa kitambaa machoni. Baba alipita katikati ya watu akishika saa, barua au kibeti, na mtoto akataja kitu hicho na hata maandishi yake. Wengi waliamini mtoto ana jicho la ndani. Siri ilikuwa alama walizokubaliana baba na mwana, na miezi ya kuzikariri. Mapinduzi ya 1848 yalipofanya kumbi za Paris ziwe tupu, alivuka kwenda London, akacheza katika ukumbi wa St James's, na Malkia Victoria akamwona.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1850 alikuwa amechoka. Alimwachia shemeji yake ukumbi, akarudi kijijini Saint-Gervais, jirani na Blois alikozaliwa. Nyumba yake aliijaza mitambo ya umeme wakati ambapo watu wengi hawakujua umeme ni nini. Saa zote ziliendeshwa kwa waya, na lango la barabarani lilijifungua mgeni akiwa bado nje. Angeishia hapo, leo tungemkumbuka kama fundi mcheshi tu. Lakini mwaka 1856 serikali ilimbishia hodi.

Safari ya Algeria

Ufaransa ilikuwa imeivamia Algeria tangu mwaka 1830. Emir Abdelkader, aliyeongoza upinzani kwa miaka mingi, alikuwa amesalimu amri mwaka 1847, lakini nchi haikutulia. Hasa katika milima ya Kabylia, watu walikuwa hawajakubali kutawaliwa. Wafaransa waliwaogopa viongozi wa kidini walioitwa marabuti. Waliamini kwamba baadhi yao waliwashawishi watu waasi kwa kuonyesha karama, ikiwemo kudai kwamba risasi za Wafaransa hazitawadhuru.

Kanali de Neveu, aliyesimamia ofisi ya mambo ya kisiasa mjini Algiers, akapata wazo la kumleta Mfaransa mwenye karama kubwa zaidi. Kama watu wanaogopa anayedai kuzuia risasi, wamwone Mfaransa akizuia risasi.

Robert-Houdin alikubali. Tarehe 28 Oktoba 1856, katika ukumbi wa Bab Azoun mjini Algiers, wakuu wa makabila waliletwa na kuketishwa, wakalindwa na maofisa na wakalimani. Alianza na mambo mepesi. Sarafu za faranga tano zilitoweka mikononi mwake zikaonekana ndani ya kisanduku cha kioo kilichoning'inia juu ya vichwa vya watu. Kisha akaingia kwenye mambo yaliyokusudiwa.

Alitoa sanduku dogo lenye mshikio juu, akamwita mwanamume mwenye nguvu alinyanyue. Likanyanyuka kama kikapu kitupu. Akatangaza kwamba sasa amemnyang'anya nguvu zake zote. Jaribu tena. Yule mtu alivuta, akatoa jasho, sanduku halikusogea. Alipong'ang'ania, akapigwa shoti mikononi, akapiga magoti kwa maumivu, kisha akakimbia kutoka jukwaani. Chini ya sanduku kulikuwa na chuma, na chini ya sakafu sumaku ya umeme ambayo msaidizi aliiwasha na kuizima. Paris alikuwa ameucheza mchezo huo kama kichekesho cha sanduku lisiloibika. Algiers aliugeuza kuwa tishio, akimwambia mtu mzima mbele ya watu wake kwamba mwili wake si wake tena.

Risasi ya nta

Ukaja mchezo wa risasi. Mtu mmoja alipewa bunduki na risasi aliyoiwekea alama, akaelekezwa afyatue. Robert-Houdin alisimama ameinua tofaa kwenye ncha ya kisu, na risasi yenye alama ikakutwa ndani ya tofaa.

Baadaye, alipokuwa safarini ndani ya nchi, marabuti mmoja hakuridhika. Alileta bastola mbili na kumtaka arudie pale pale. Robert-Houdin hakuwa na vifaa vyake. Alijibu kwamba kinga yake ameiacha Algiers, lakini akipewa usiku wa kusali, asubuhi atasimama mbele ya bastola. Usiku ule hakusali. Alitengeneza risasi mbili za nta, zenye uwazi ndani, akazipaka masizi zikafanana na risasi za kweli. Moja akaijaza damu.

Asubuhi risasi za madini zilikaguliwa na watu wakaridhika. Zilipokuwa zikitiwa ndani ya bastola, mkono wake ulizibadilisha. Ya madini ilibaki kiganjani, ya nta ikashindiliwa. Marabuti akalenga na kufyatua, nta ikasambaratika, naye akaonyesha risasi ya kweli kati ya meno yake. Bastola ya pili akaifyatua mwenyewe kwenye ukuta mweupe, na doa la damu likaonekana.

Sumaku haikuwepo asubuhi ile, wala jukwaa. Kulikuwa na kiganja tu, kile kilichozoea kubana faranga tano katika mifuko ya koti miaka 30 nyuma.

Jambo la risasi si geni kwetu. Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani, na wapiganaji wakaamini kwamba maji ya dawa yatageuza risasi kuwa maji. Vita vya Majimaji viliendelea hadi 1907, na waliokufa, wengi kwa njaa iliyofuata, ni maelfu kwa maelfu. Tunaikumbuka vita ile kwa heshima, kwa umoja wa makabila na ujasiri wao. Lakini tofauti moja ni ya kutazama kwa makini. Robert-Houdin alisalimika kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeamua ni nini kinaingia kwenye bastola. Aliyesimama mbele ya bunduki iliyojazwa na adui hakuwa na nafasi hiyo. Hata wachezaji wenyewe wamekufa kwa mchezo huu. Mwaka 1918 Mmarekani William Robinson, aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Chung Ling Soo, alipigwa risasi ya kweli mbele ya watazamaji jijini London, akafariki.

Je, uchawi uliishinda Algeria?

Vitabu vingi vinasema kwamba Robert-Houdin alizuia uasi bila kumwaga damu. Ni hadithi tamu, lakini tuipime kwa tarehe.

Kwanza, karibu yote tunayoyajua kuhusu usiku ule yametoka kwenye kitabu chake mwenyewe, alichokitoa miaka michache baadaye. Na huyu ni mwandishi anayejua kupeleka macho ya watu anakotaka. Katika kitabu hichohicho anasimulia kwamba ujanani alilishwa chakula chenye sumu, akaanguka njiani, akaokolewa na mwanamazingaombwe msafiri aliyeitwa Torrini, akawa mwalimu wake. Watafiti wa baadaye wamemsaka Torrini katika kumbukumbu wasimwone. Wengi wao wanaamini alitungwa.

Pili, mwaka 1857, miezi michache baada ya maonyesho, Ufaransa ilipeleka jeshi kubwa chini ya Jemadari Randon kuiteka Kabylia kwa mizinga. Lalla Fatma N'Soumer, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa upinzani, alikamatwa Julai mwaka huo. Kama sanduku lile lingekuwa limemaliza kazi, mizinga isingehitajika.

Lipo la kumpa haki yake pia. Anasimulia kwamba baada ya maonyesho wakalimani waliagizwa wawaeleze wakuu kwamba yote waliyoyaona yalitokana na ujuzi wa binadamu, na kwamba wakuu hao walimpa hati ya sifa yenye mihuri yao. Yaani walimheshimu kama fundi. Hilo halifuti ukweli kwamba alitumwa kuwatisha watu katika nchi yao wenyewe.

Kufichua walaghai

Miaka iliyobaki aliitumia kuandika. Mwaka 1861 alitoa kitabu kinachofichua mbinu za walaghai wa karata: jinsi wanavyotia alama, wanavyoficha karata kiganjani, wanavyofanya kazi kwa kundi. Mwaka 1868 akatoa kingine kinachofundisha mazingaombwe hatua kwa hatua, kikieleza jinsi ya kubana sarafu. Alifanya pia utafiti wa jicho la binadamu na kuunda vifaa vya kulichunguza. Aliyeishi kwa kudanganya macho aliishia kutaka kujua yanavyofanya kazi.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Agosti 1870, vita ya Ufaransa na Prussia ilipoanza, mwanawe Eugène, kapteni wa jeshi, alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Wörth, akafa siku chache baadaye. Wanajeshi wa adui walipofika eneo la Blois, mzee huyu aliificha familia yake pangoni jirani na nyumba. Afya yake haikurudi. Alifariki kwa nimonia tarehe 13 Juni 1871, akiwa na miaka 65.

Mwezi huo Algeria ilikuwa inawaka. Machi 1871 ulikuwa umeanza uasi wa Mokrani, mkubwa kuliko wote tangu siku za Abdelkader, na kiini chake kilikuwa Kabylia ileile.

Tunachobaki nacho

Kijana mmoja wa Marekani, Ehrich Weiss, alisoma kitabu cha Robert-Houdin akaongeza herufi moja kwenye jina hilo na kujiita Houdini. Ukumbi wa Paris ulinunuliwa mwaka 1888 na Georges Méliès, aliyekuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa filamu. Mjini Blois kuna jumba la makumbusho ya mazingaombwe kwa heshima yake.

Kwa sisi wa vijijini, urithi wake wa karibu ni maarifa ya kiganja. Mcheza karata tatu stendini anafanya alichoeleza Robert-Houdin mwaka 1861, na wale wanaoshinda mbele yako wakishangilia ni wenzake. Anayedai kuzalisha fedha ndani ya kibuyu anabadilisha bahasha kama risasi ilivyobadilishwa na nta. Na ujumbe wa simu unaokuambia ile hela uitume kwenye namba hii, haraka, mgonjwa yuko hospitali, unafanya kazi ya macho ya mchezaji. Unakuelekeza utazame haraka na ugonjwa, ili usiitazame namba.

Ukikutana na jambo la namna hiyo, usijiulize kwanza limewezekanaje. Jiulize nani alishika kitu mara ya mwisho, nani aliyepakia, na mkono upi hukuambiwa uutazame. Ikiwa ni hela, simama, piga namba unayoijua mwenyewe, usikie sauti ya huyo ndugu.

Na kama una mtoto mwenye vidole vyepesi nyumbani, mpe sarafu ya shilingi 200 ajifunze kuibana. Atadondosha mara mia. Akiweza, awafurahishe wenzake, kisha awafungulie kiganja wote waone ilipokuwa.